Nani Ataendesha Gari Hili?

Siku ya kuniaga ofisini walinipa keki, soda na saa ya ukutani. Sijaelewa hadi leo kwa nini mtu aliyekwisha kumaliza kazi hupewa saa. Tulipokuwa tukila, Sharon, msichana anayekalia kiti changu sasa, aliniambia, "Madam Trufosa, si utuandikie kitu? Vile ulikuwa unafanya hii job. Sisi tukikwama tunasoma tu." Wenzake wakapiga makofi. Nikakubali kwa sababu miguu ilikuwa ikiniuma na nilitaka kwenda nyumbani.

Sasa ninaandika, mezani kwangu Riruta, saa yenyewe ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi na havitawasaidia. Nitaandika juu ya madereva wachanga, vijana wanaopanda ngazi zetu wakitafuta bima ya gari kwa bei wanayoiweza. Hao ndio walionichosha kuliko wateja wengine wote. Tena kuna swali moja niliulizwa juu ya mmoja wao, nikalijibu vibaya. Nitalifikia. Msiniharakishe.

Nilianza kazi River Road wakati ofisi ya wakala wetu ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya wachapishaji wa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Mashine yao ikianza kazi, kikombe cha chai kilitembea chenyewe mezani. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kuazima, nikapokewa na mama mmoja aliyevaa buibui, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, kalamu mbili mkononi. Huyo alikuwa Bi Mwanaidi, karani mkuu, mwenyeji wa Mombasa, ambaye alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi bila kukubali kwamba amehama. Alinipa fomu ya maombi ya bima ya gari akaniambia niisome yote.

"Hii fomu iko na maswali mingi," nikasema.

Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa. "Maswali ni mengi, mwanangu. Na kila moja lina mtego wake. Keti."

Nilikaa naye miaka kumi na mmoja. Kiswahili hiki mnachokisoma ni chake. Mimi nilikuja na kile cha ploti, cha vyumba vya kupanga. Alinifundisha kazi kwa vitu vilivyokuwa kwenye droo yake: karatasi za kaboni, rula ya chuma, tochi ndogo, na wembe wa kukwangua stika kuukuu za bima kwenye kioo cha mbele cha gari. Hakuandika bima ya gari asilolishika. Tulishuka ngazi zote zile, tukalikuta gari limeegeshwa kati ya mkokoteni wa mabati na marundo ya ndoo, naye angepapasa boneti, angemulika chini ya viti, angekaza macho kwenye namba ya injini hadi mwenye gari aanze kujishuku. Kisha tungepanda tena. Magoti yangu ya leo ni kazi ya ngazi hizo.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa swali la kumi na moja. Mnalijua: Nani ataendesha gari hili? Maswali mengine yote aliyajaza mwenyewe, haraka, kwa mwandiko wake uliolala kidogo. Akifika la kumi na moja alisimama. Alilisoma kwa sauti, akaigeuza fomu imwelekee mteja, akampa kalamu. Haidhuru mteja alikuwa daktari au muuza vitunguu. Jibu hilo liliandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Asiyejua kuandika alisomewa mara mbili mbele ya shahidi, kisha akatia kidole.

Nilimuuliza mbona tunapoteza wakati. Akasema, "Kwa mdomo mtu hudanganya bila taabu. Mpe kalamu umwone atakavyohema."

Na kweli walihema, hasa vijana. Kijana huja kwetu mwezi wa kwanza wa kuwa na gari. Ameshalilipia gari lenyewe hadi mfuko umekauka, na bima ameikumbuka kwa sababu polisi wamemkumbusha. Anaingia anang'aa. Kazi yangu kwa miaka thelathini ilikuwa kupokea uso unaong'aa na kuurudisha umenuna.

"Niaje Auntie. Nataka insurance, ile cheap kabisa."

"Una miaka mingapi?"

"Twenty-two. Lakini mimi najua kuendesha, hata uliza watu."

"Leseni ulipata lini?"

"Juzi juzi tu."

"Na gari ni la nani?"

Anaangalia dirishani, anaangalia simu. Kisha: "Aah, andika tu ni ya buda."

Yaani baba yake. Mara nyingine huwa ni ya mathe, yaani mama, mara ni ya mjomba aliye ng'ambo. Vijana hawa si waongo kwa tabia. Wameambiwa na rafiki, na rafiki ameambiwa na wakala kama mimi, kwamba ukiwa na umri mdogo na leseni changa kampuni hukukataa, au hukupandishia bei, au hukukubali kwa sharti kwamba gari likigongwa utajilipia sehemu kubwa wewe mwenyewe kabla wao hawajatia mkono mfukoni. Yote hayo ni kweli. Kampuni haiwachukii vijana. Inawaogopa, na mwoga hutoza. Basi ujanja ni kuliandika gari kwa jina la mzazi, dereva mzazi, na kijana abaki na funguo. Mji mzima hufanya hivyo. Ukienda mtaa wa Jamhuri pale, nusu ya akina mama wanaosemekana kuendesha vigari vile vya rangi nyekundu hawajui hata kifuniko cha petroli kinafunguliwa wapi.

Kijana anayetaka bei nafuu kwa njia iliyonyooka yupo, na anasaidika, ila ni kazi ya kuchosha. Mwambieni mapema, kabla hajanunua gari, kwamba injini kubwa na magurudumu mapana ndiyo yatakayomuumiza. Aanze na bima ya mtu wa tatu: akimgonga mtu, aliyegongwa atalipwa, na gari lake mwenyewe ni shauri yake. Akiweza kuongeza moto na wizi, aongeze. Akae mwaka mmoja bila ajali, na hapo ndipo mnaweza kumpigania bei. Asinunue ya mwezi mmoja mmoja kama hana kichwa cha kukumbuka tarehe, maana gari hugongwa siku ile moja katikati. Nanyi pigeni simu. Kampuni ya kwanza itakataa, ya pili itakataa, ya tano kuna mtu aliyelala vizuri siku hiyo. Msikubali "hatuchukui vijana" kutoka kwa mpokea simu. Ombeni anayetia sahihi.

Na mwonyeni juu ya watu wa ngazini. Zamani kulikuwa na jamaa aliyesimama ghorofa ya kwanza akiuza stika za bandia. Kazi nzuri ajabu, wino bora kuliko wetu. Wateja walimfikia yeye kabla hawajanifikia mimi, na wengine walichoka ngazi wakaishia hapo hapo. Siku hizi stika ziko kwenye simu, na jamaa wa sasa yuko kwenye simu pia, hapandi hata ngazi.

Bi Mwanaidi alistaafu akarudi kwao. Siku ya kuondoka alinipa wembe na rula, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, ndiyo sababu watu huipenda." Nikacheka. Nilishika utaratibu wake wa kalamu kwa muda mrefu baada ya hapo, nakumbuka hivyo, na ninataka nanyi mkumbuke kwamba niliushika. Kwa sababu sasa nimefika kwa Mama Elvis.

Mama Elvis ni jirani yangu, mlango wa tatu kutoka wangu katika ploti hii hii, ambako mimi huitwa Mama Wekesa. Mjane, mwenzangu kwenye umoja wa akina mama kanisani, mama wa watoto wawili: Elvis, na Tabitha ambaye wakati huo alikuwa bado darasani. Alikuwa akiuza mayai. Elvis alipofikisha miaka ishirini na mmoja, mama yake aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu huko kwao, akanunua gari kuukuu la mgongo mrefu, ili kijana apeleke mayai kwenye maduka badala ya kungoja wateja waje mlangoni. Shamba lote sasa lilikuwa kwenye magurudumu manne. Ndiyo maana alitaka bima kamili, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Alikuwa na haki ya kuitaka.

Elvis alikuwa na leseni ya miezi mitano. Nilipiga simu kwa kampuni nne. Tatu zilikataa. Ya nne ilitaja bei, na nilipomtajia Mama Elvis aliomba maji.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mashine ya chini ilikuwa ikinguruma, kulikuwa na watu watano kwenye benchi, na nilikuwa na miadi na mwalimu wa mwanangu wa mwisho. Mama Elvis alikuwa amesahau miwani yake nyumbani. Nilijaza fomu huku nikimsomea. Yote yalikuwa kweli: umri wa gari, kazi ya gari, mahali linapolala. Nikafika swali la kumi na moja.

"Dereva ni Elvis," akasema. "Si unamjua."

"Tukiandika Elvis hutaweza kulipa. Wewe si una leseni?"

"Hiyo ya zamani? Tangu mazishi ya Baba Elvis sijashika steringi, Mama Wekesa. Wajua hivyo."

"Lakini ni safi, haina ajali hata moja." Bila shaka haikuwa na ajali, sahani isiyopakuliwa haichafuki. "Naandika wewe. Mwenye gari, peke yake."

"Hiyo ni sawa kweli? Wewe ndiye unajua mambo ya ofisi."

"Ni sawa. Kila mtu hufanya hivyo."

Nikaandika kwa mkono wangu: Mwenye gari peke yake. Kalamu nikampa mwishoni tu, nikamwekea kidole mahali pa kutia sahihi. Hata sikugeuza fomu. Alitia sahihi ikiwa imelala ubavu.

Miezi saba Elvis alibeba mayai bila kuvunja hata trei. Kisha asubuhi moja ya mvua, kwenye Barabara ya Naivasha, lori la mchanga lilisimama ghafla mbele yake. Alivunjika mfupa wa bega. Lori halikupata hata mkwaruzo. Gari lilikunjika hadi kwenye viti, na mayai, waliniambia walioona, yalitiririka mtaroni pamoja na maji ya mvua.

Mama Elvis alilia kwa ajili ya mwana, akashukuru Mungu kwa ajili ya mwana, kisha akaja mlangoni kwangu na karatasi za bima zimekunjwa ndani ya leso. "Haya," akasema, "sasa ndiyo kazi ya hii kitu."

Kampuni ilituma mpelelezi. Alikuwa kijana mwenye adabu, viatu safi, daftari dogo. Kabla hajafika kwa Mama Elvis alikuwa ameshazunguka mtaa akiuliza swali moja tu, na mtaa ulimjibu kweli kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuambia udanganye. Mwenye kioski cha maziwa alisema, "Ile gari ya mayai? Ni Elvis, kila siku." Fundi wa baiskeli alisema hivyo. Hata mchungaji alisema hivyo, tena kwa sifa.

Tukaketi sebuleni kwa Mama Elvis: mimi, yeye, mpelelezi, na Elvis, mkono umefungwa kifuani. Tabitha alikuwa ameketi kwenye kigoda na kitabu cha shule. Mpelelezi aliitoa fomu, akaiweka mezani, akaweka kidole kwenye jibu la kumi na moja.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. Hilo halikuwa na pa kujificha.

"Na maneno ni ya nani? Ni mteja aliyekuambia uandike hivi, au ni wewe uliamua?"

Nataka muelewe nilichokuwa nikikijua dakika ile. Nikisema mteja alinitajia mwanawe nami nikaandika mengine, kosa ni la wakala. Kampuni ingebanwa, pengine ingemlipa Mama Elvis, kwa kunung'unika, na leseni yangu ya uwakala ingeenda. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekuwa ameondoka. Nikisema mteja ndiye aliyedanganya, hakuna atakayelipwa, na mimi nitaamka Jumatatu niende kazini.

Mama Elvis aliniangalia. Hakunikazia macho. Aliniangalia tu, kwa subira, jinsi mtu anavyomngoja mwenzake amalize kufunga mlango waondoke pamoja.

"Niliandika alivyoniambia," nikasema.

Mpelelezi akamgeukia. "Ni kweli, mama?"

Aliangalia vidole vyake. "Kama imeandikwa," akasema, "basi ni mimi."

Elvis aliruka akasimama, bega au si bega. "Mathe! Si ungesema tu ni mimi naendesha? Juu ya nini? Juu ya kuokoa pesa kidogo? Unapenda cheap kuliko ukweli!" Akaniangalia mimi kwa huruma, kana kwamba ni mimi niliyetiwa aibu na mama yake. Huruma ile imenikaa kuliko tusi lolote.

Barua ya kampuni ilikuwa ya aya mbili. Gari liliuzwa kama vyuma chakavu. Elvis alipopona alitafuta kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, la mzee mmoja wa Kisingasinga, Mzee Kuldip, akapanga chumba mbali na kwao. Nyumbani huja Krismasi. Mama yake aliniambia siku moja, bila kulalamika, tukianua nguo, "Mwanangu hula akiwa na koti. Kama abiria."

Na mimi? Mimi niliendelea na kazi. Tuliendelea kusalimiana, kuchanga kanisani, kuazimana chumvi. Hakunisema kwa mtu. Duka analofanyia kazi Elvis liko River Road hiyo hiyo, hatua chache kutoka ngazi zetu, na kwa miaka tisa nilipita upande wa pili wa barabara, nikiruka mitaro na mikokoteni, ili nisisalimiwe na yule kijana kwa heshima. Ofisini nilirudi kwenye utaratibu wa kalamu kwa ukali mpaka mkanichukia. Sharon, unakumbuka siku niliyokuchania fomu? Hukuwa umekosa lolote kubwa. Nilikuwa nimechoka, na si kwa kazi ya siku hiyo.

Majuto ni mjukuu. Wangu alikuja mwezi wangu wa mwisho, akipanda ngazi polepole sambamba na mama yake. Mama Elvis alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja na Tabitha kwa mwingine. Tabitha sasa ana miaka ishirini na miwili, ni fundi wa kushona mapazia, na amejinunulia kigari kidogo cha kubebea vitambaa.

"Nimekuletea mteja," Mama Elvis akasema, akihema. "Dereva mpya. Tunataka bei nzuri, lakini tunataka ya haki."

Niliwaketisha. Nilipiga simu kampuni sita, na siku ile nilizungumza kuliko nilivyozungumza mwaka mzima. Nilishuka nikalishika gari. Niliomba anayetia sahihi, nikamwambia injini ni ndogo, linalala ndani ya geti, dereva ni mmoja na umri wake ndio huo. Bima kamili hawakutoa. Kampuni mbili zilikubali ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, jina la Tabitha, leseni ya Tabitha, na moja kati yazo kwa bei ambayo Tabitha aliisikia akasema, "Hiyo naweza, Auntie. Nitajinyima, lakini naweza." Nilijaza fomu. Nikafika swali la kumi na moja.

Kabla sijalisoma, Mama Elvis alifungua mkoba wake, akatoa kifuko, akatoa miwani, akaifuta kwa leso na kuivaa.

"Leo nimekuja nayo," akasema. Kisha akamwambia binti yake, "Chukua kalamu. Andika mwenyewe."

Tabitha akaandika jina lake, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Mimi nilikuwa siioni fomu kwa machozi. Nilimwomba Tabitha ashuke atununulie chai, na alipoondoka nikasema, "Mama Elvis, siku ile..."

"Nilikuwepo," akasema.

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ulikuwa na watoto shule. Mimi gari lilikuwa limeshaenda." Alivua miwani. "Gari sikulii. Shamba sikulii. Mtoto wangu anadhani mimi ni mtu wa kudanganya. Hiyo ndiyo imenimaliza, Mama Wekesa."

"Na hukumwambia?"

"Nikimwambia mimi, atasema najitetea. Ni wewe ulisema maneno yale mbele yake."

Tabitha alirudi na chai na mandazi ambayo hakuna aliyeyala.

Siku iliyofuata nilivuka barabara. Elvis alikuwa akipima misumari kwa mama mmoja, aproni ya turubai kiunoni. Ana miaka thelathini sasa, na bega moja limekaa chini ya lingine. "Auntie Trufosa! Karibu. Umepotea sana," akasema, akanivutia kigoda. Sikukaa. Mtu akikaa huanza kuuliza habari za hali ya hewa.

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama kati ya ndoo na mabomba: alichosema mama yake Ijumaa ile, nilichoandika, nilichomjibu mpelelezi. Nilimwambia maneno yenyewe. Mama yake alisema, Dereva ni Elvis. Alimaliza kuifunga misumari kwenye gazeti, akampa mteja, akamshukuru.

"Mimi nilimwambia mathe anapenda cheap kuliko ukweli," akasema. "Nilimwambia hivyo mbele ya Tabitha."

"Nilisikia."

"Mbona unaniambia saa hii?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri njiani. Nililiacha. "Kwa sababu nastaafu," nikasema. "Hakuna leseni ya kuninyang'anya tena."

"Angalau hiyo ni kweli," akasema. Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mizani, akaenda kumnong'oneza Mzee Kuldip kwenye dawati. Mzee aliangalia saa, akatikisa kichwa kukubali. Elvis alinipita bila neno akaingia kwenye umati, akiharakisha kuelekea steji ya matatu za Riruta.

"Mama," Mzee Kuldip akaniuliza, "wewe umeletea yeye habari mbaya?"

"Hapana, Mzee. Ni habari imechelewa."

Haya ndiyo niliyokuwa nayo ya kuwaandikia. Wembe na rula nimewaachia droo ya pili. Kalamu mpeni mteja. Sitaki mtu aje kuniambia nimejitua mzigo, maana uzito wote nilimbebesha mwingine miaka tisa, na ujasiri wangu nilioupata mwezi wa mwisho ni ule wa bei nafuu. Kampuni nimeiandikia pia. Hawajanijibu, sidhani kama kuna dawati la barua za namna hiyo.

Jumapili baada ya ibada nilipita mlango wa tatu nikiwa na ndoo yangu ya maji. Ulikuwa wazi. Mama Elvis alikuwa akipakua, Tabitha akicheka kitu. Elvis alikuwa mezani. Hakunisalimu, nami sikutarajia anisalimu. Alikuwa amevaa shati tu, mikono ameikunja, na koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani.